Jedwali la funguzi la Lichess: linavyomsaidia shabiki kubishania sare za magrandimasta

Wapenzi wa sataranji wanapobishana juu ya mchezo wa magrandimasta (wachezaji wenye cheo cha juu) uliotoka sare, ubishi huanzia karibu kila mara kwenye ufunguzi, yaani hatua za kwanza za mchezo. Huyu husema kwamba mwenye kete nyeupe alichagua njia isiyo na makali, yule hujibu kwamba mwenye nyeusi alikuja akiwa amekwisha kuamua kutafuta nusu pointi, na wa tatu hushikilia kwamba hakuna aliyekosea kwa kuwa hatua zote zilikuwa sahihi. Zamani ubishi wa namna hiyo uliamuliwa na mwenye vitabu vingi au mwenye sauti kubwa. Siku hizi kuna mtu atakayetoa simu na kufungua ubao wa uchambuzi wa Lichess, tovuti ya sataranji, ambako pembeni ya ubao hujitokeza jedwali la funguzi linaloonyesha ni hatua zipi zimewahi kuchezwa katika hali ile na zilileta matokeo gani. Nimekuwa nikilitumia jedwali hilo kwa simu na kwa kompyuta, na hapa ninalipima kwa kazi moja tu: linamsaidia kwa kiasi gani shabiki wa kawaida kuelewa uchaguzi wa ufunguzi katika mchezo ulioisha bila mshindi.

Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida lililoko Ufaransa. Haina matangazo, na haina daraja la wanaolipa linalopata kilicho kizuri huku wasiolipa wakiambulia makombo. Anayechangia fedha huwekewa alama ya bawa kando ya jina lake, basi, na huduma anazozipata ni zilezile za asiyetoa hata senti. Kwa msomaji wa kwetu anayepima kila matumizi ya fedha za kigeni, jambo hili si dogo. Programu za hifadhidata zinazouzwa, kama ile ya ChessBase ya Hamburg, zina hazina kubwa zaidi na maelezo ya wachambuzi ndani yake, lakini zinahitaji kununuliwa na zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Jedwali la Lichess linafunguka kwenye simu ya kawaida.

Jedwali lenyewe lina sehemu tatu. Ya kwanza, ile ya mabingwa, ni michezo ya ana kwa ana ya wachezaji wenye kiwango cha FIDE (shirikisho la sataranji la dunia) cha kuanzia 2200, tangu mwaka 1952. Ya pili ni michezo iliyochezwa ndani ya Lichess yenyewe, ambayo unaweza kuichuja kwa kiwango cha wachezaji na kwa kasi ya saa. Ya tatu ni michezo ya mchezaji mmoja unayemtaja kwa jina analotumia humo. Kwa ubishi wa sare za magrandimasta, sehemu ya kwanza ndiyo yenye kazi. Kila hatua inaorodheshwa pamoja na idadi ya michezo na ufito uliogawanywa kwa rangi: nyeupe kwa ushindi wa nyeupe, nyeusi kwa ushindi wa nyeusi, na kijivu katikati kwa ajili ya sare. Chini yake kuna orodha ya michezo ya wachezaji wenye viwango vya juu walioipitia hali ile, na ukigusa jina la mchezo unaweza kuufuata hatua kwa hatua.

Mchezo nilioutumia kulipima ni wa kwanza katika pambano la ubingwa wa dunia kati ya Garry Kasparov na Vladimir Kramnik, uliochezwa London tarehe 8 Oktoba 2000. Kasparov, aliyekuwa bingwa tangu 1985, alikuwa na kete nyeupe. Alianza na e4 (herufi hutaja safu ya ubao na namba mstari wake), Kramnik akajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu b5, na hapo, badala ya kusogeza askari hadi a6 kama walivyozoea wakubwa wengi, Kramnik akamtoa farasi wa pili hadi f6. Huo ndio Ulinzi wa Berlin, ufunguzi wa karne ya 19 ambao wengi walikuwa wameuweka kabatini. Kasparov akamkinga mfalme wake kwa ngome, farasi mweusi akamla askari wa e4, na ilipofika hatua ya nane malkia wote wawili walikuwa nje ya ubao, huku mfalme mweusi akisimama d8 bila haki tena ya kukingwa kwa ngome. Baada ya hatua 25 walipeana mikono. Kramnik aliurudia ulinzi huohuo katika michezo ya 3, ya 9 na ya 13, yote ikatoka sare, na Kasparov alimaliza pambano bila kushinda hata mchezo mmoja, akapoteza ubingwa kwa pointi 8.5 kwa 6.5.

Mashabiki wanaubishania mchezo ule hadi leo, na kila upande una hoja nzito. Wanaomlaumu Kasparov wanasema kwamba mtu ambaye nguvu yake ilikuwa kushambulia hakupaswa kukubali kutoa malkia mapema vile. Angecheza d3 katika hatua ya nne, akaulinda askari wake wa e4, akabaki na ubao uliojaa kete. Wanaomtetea wanasema kwamba hali ile ilikuwa njema kwa nyeupe kwa maana ya sataranji ya shule: ana askari wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme, ilhali nyeusi ana askari wawili waliopangana kwenye safu ya c, kwa hiyo wingi wake wa upande wa malkia hauwezi kuzaa kwa urahisi askari wa kupenya, asiye na askari wa adui wa kumzuia. Ondoa kete zote kubwa ubaoni, ukabakiza wafalme na askari, na nyeupe ndiye anayefurahi. Kilichomwokoa Kramnik ni kwamba kete hizo haziondoki zote kwa pamoja. Alikuwa na maaskofu wawili, farasi wake alipata kituo kizuri f5 kwa sababu askari mweupe alikuwa amesonga hadi e5 na kuacha nyuma yake miraba ya rangi nyeupe bila mlinzi, na mfalme wake, kwa kuwa malkia hawapo, aliweza kutembea kwa miguu yake hadi c8 na b7 pasipo kuhatarishwa.

Sasa weka hatua hizo kwenye ubao wa Lichess. Katika hatua ya nne jedwali litakuonyesha mara moja kwamba kumkinga mfalme na kucheza d3 ndizo barabara kuu mbili, na shabiki mwenye haraka ataishia hapo, atalinganisha fito mbili, na kutangaza kwamba Kasparov alichagua vibaya au vizuri. Hilo ni kosa la msomaji ambalo jedwali halimzuii kulifanya, kwa sababu lisiporekebishwa huchanganya miaka yote katika kapu moja. Aliyeucheza Ulinzi wa Berlin mwaka 2015 alikuwa na injini, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hatua, na michezo mingi ya kuigiza. Kasparov mwaka 2000 hakuwa na hazina hiyo, na ni pambano lile lile ndilo lililoizalisha kwa sehemu kubwa. Dawa ipo, nayo ni kichujio cha miaka kilichofichwa nyuma ya alama ya gurudumu la mipangilio. Weka mwisho wa 1999, na jedwali linapungua mbele ya macho yako. Njia ya d3 ambayo inapendwa sana leo inaonekana kuwa kichochoro kilichopitiwa na wachache zaidi, na anayesema kwamba Kasparov angeifuata analazimika kukiri kwamba anamdai bingwa yule ujuzi uliokuja baadaye. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitufe chenye thamani kuliko vyote kwa anayependa historia ya mchezo huu, na kilistahili kuwekwa mahali pa wazi.

Mwaka wa kuanzia nao una athari zake. Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, aliicheza d3 dhidi ya Ulinzi wa Berlin zama zake, lakini kwa kuwa jedwali la mabingwa linaanza 1952, yeye na wenzake wa karne ya 19 hawamo. Mtu anayetegemea jedwali peke yake anaweza kuamini kwamba d3 ni uvumbuzi wa kizazi cha injini, na atakuwa amekosea.

Tatizo kubwa zaidi, na hili ndilo lililonifanya niandike, ni ule ufito wa kijivu. Jedwali linahesabu sare zote kuwa sawa, na mtu anayebishana juu ya mchezo uliotoka sare anahitaji hasa kujua ilikuwa sare ya namna gani. Chukua mfano uliomo ndani ya ufunguzi huuhuu. Baada ya farasi mweusi kula e4, nyeupe akicheza d4 na farasi akarudi d6, badala ya kula farasi wa c6 kama alivyofanya Kasparov, nyeupe anaweza kumla askari wa e5 na kumwacha askofu wake aliwe b5. Hufuata askari a4, farasi mweusi anaingia d4, wanakulana farasi, malkia mweupe anakaa d4, askari mweusi d5, askari mweupe anamla kwa njia ya kupita, malkia mweusi analipiza d6. Kisha malkia mweupe e4 shaha, malkia mweusi e6, malkia mweupe d4, malkia mweusi d6, na kurudia hivyohivyo hadi hatua ya 14, ambapo sheria ya hali kurudiwa mara tatu inawapa nusu pointi kila mmoja. Magrandimasta wameitumia njia hii mara nyingi, hasa katika miaka ya karibuni, pale wote wawili wanapotaka kupumzika. Fuata mstari huo kwenye jedwali na kijivu kinakaribia kuumeza ufito mzima.

Halafu tazama mchezo wa saba wa pambano la ubingwa la Sochi mwaka 2014, ambao nao ulikuwa wa Ulinzi wa Berlin. Magnus Carlsen, akiwa na nyeupe, alimbana Viswanathan Anand kwa hatua 122 kabla ya kukubali kwamba ulinzi wa Mhindi yule hauvunjiki. Sare ile ilikuwa kazi ya jasho tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani ya pambano lile Carlsen aliurudia ulinzi huo akiwa na nyeupe tena katika mchezo wa 11, akashinda na kuutetea ubingwa wake. Katika hesabu ya jedwali, zile hatua 122 na zile hatua 14 zina uzito mmoja: sare moja, sare moja. Shabiki anayetoa hoja kwamba Ulinzi wa Berlin unaua mchezo atauonyesha ule ufito wa kijivu na kujiona ameshinda, ilhali sehemu ya ushahidi wake inatoka kwa watu ambao hawakuwa na nia ya kupigana tangu walipoketi.

Pambano la ubingwa la London la mwaka 2018 linatoa mfano wa aina ya tatu. Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare katika michezo yote 12 ya saa ndefu. Caruana akiwa na nyeupe alianza kwa kumtoa askofu hadi b5 dhidi ya Ulinzi wa Sisilia (nyeusi akiijibu e4 kwa c5) katika michezo ya 1, ya 3 na ya 5, kisha akabadilisha na kuingia Sisilia ya wazi katika ya 8, ya 10 na ya 12, ambako Carlsen alimpokea kwa mfumo wa Sveshnikov na Caruana akampeleka farasi d5 katika hatua ya saba. Farasi huyo alipoliwa, askari mweupe akalipiza na kukaa d5, Carlsen alimrudisha farasi wake b8 katika mchezo wa 8 na wa 10, lakini katika wa 12 akampeleka e7. Mchezo huo wa mwisho uliisha hatua ya 31 kwa Carlsen kutoa pendekezo la sare akiwa na hali bora na muda mwingi zaidi kwenye saa, kwa kuwa alijiamini katika michezo ya haraka ya kuvunja sare, ambayo aliishinda 3 kwa 0. Kwenye jedwali, farasi e7 inapata hapo alama moja ya kijivu. Mtu asiyeufungua mchezo wenyewe hataona kwamba nyeusi ndiye aliyekuwa anatawala, wala hatajua kwamba sababu ya sare ile ilikuwa hesabu ya pambano zima.

Ninachokisifu kwa dhati ni kwamba Lichess inaruhusu mtu kuufungua mchezo huo papo hapo. Orodha ya michezo iliyo chini ya jedwali ndiyo moyo wa huduma hii, na wengi huipuuza kwa sababu fito zinavutia macho zaidi. Unapozidi kwenda ndani ya mchezo orodha inakuwa fupi, na kufikia hatua ya kumi au ya kumi na mbili unakuwa unasoma majina badala ya asilimia: nani alikuwa nani, mwaka gani, kwa kiwango kipi. Jedwali pia linatambua hali ya ubao badala ya mpangilio wa hatua, kwa hiyo mchezo uliofika mahali palepale kwa kupitia njia nyingine nao unahesabiwa. Hilo ni jambo la msaada mkubwa kwa funguzi zenye milango mingi, na linazuia ubishi wa bure kati ya watu wanaozungumzia hali moja kwa majina mawili.

Kando ya jedwali kuna injini ya Stockfish, na hapa ushauri wangu ni kuichelewesha. Kitufe cha injini ni rahisi kubonyeza, na ukiibonyeza katika hatua ya nane ya mchezo ule wa Kasparov na Kramnik itakupa namba ndogo isiyo mbali na sifuri. Namba hiyo ni ya kweli kwa mchezaji asiyechoka, asiyeogopa na anayeona kila kitu. Haimwelezi mwanadamu ni upande upi ulio mgumu kuucheza, na katika Ulinzi wa Berlin hilo ndilo swali lenyewe. Mashabiki wanaoanza na injini huishia kutupiana desimali. Wanaoanza na jedwali, wakasoma michezo mitatu au minne, kisha wakaita injini kuamua jambo mahususi, kama vile iwapo Kasparov angeweza kusukuma askari wake wa upande wa mfalme mapema zaidi, hupata majibu yenye nyama. Kete zinapobaki saba au pungufu, wafalme wakiwemo, huduma ina hazina ya miisho iliyokokotolewa yote, ambayo inasema kwa uhakika kama hali ni sare au la. Hapo ubishi unafungwa kweli.

Kwa upande wa simu, injini inafanya kazi ndani ya kifaa chako mwenyewe, kwa hiyo ikikimbia kwa muda mrefu inakula chaji na kupasha simu joto. Toleo lake lenye nguvu zaidi lina faili zito la kupakua, jambo la kuzingatiwa na mwenye bando dogo, lakini yapo matoleo mepesi yanayotosha kabisa kwa kazi ya shabiki. Kwa hali za mwanzo wa mchezo zinazojulikana sana, tathmini huletwa tayari kutoka kwenye seva na simu haisumbuki. Jedwali lenyewe ni jepesi.

Kilichobaki kukitaja ni sehemu ya masomo ya pamoja, ambayo kwa kikundi cha marafiki ina faida kuliko jedwali lenyewe. Mmoja wao huunda somo, huwaalika wengine, na kila hoja huwekwa kwenye sura yake. Somo moja linaweza kubeba hadi sura 64. Aliyesema d3 anaiweka d3 kwenye sura yake pamoja na maelezo na mishale, aliyetetea mwisho usio na malkia anaweka michezo yake, na kila mmoja analazimika kuonyesha hatua badala ya kutoa kauli. Kwa kuwa jedwali la mabingwa halina maelezo ya mchambuzi yeyote, bali hatua tupu na matokeo, somo la pamoja ndipo mahali ambapo kikundi kinaweza kuandika kwa Kiswahili chake sababu za kila sare, na kuitenganisha ile ya kupumzika na ile ya jasho.

Ningependa waendeshaji waongeze jambo moja: kichujio cha idadi ya hatua, ili mtu aweze kuziondoa kwenye ufito sare zote zilizoisha kabla ya hatua ya 20, kwa mfano, na kuona kijivu kinachobaki. Kwa Ulinzi wa Berlin picha ingebadilika kabisa. Hadi hapo, anayetaka kulitumia jedwali hili kwa ubishi wa haki afungue alama ya gurudumu kwanza, aweke mwaka wa mchezo anaouzungumzia, na asitaje asilimia yoyote kabla hajafungua angalau michezo miwili kutoka kwenye orodha ya chini.